Filamu ya walionyimwa kura imetuonyesha, haikutuuliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya makala mliyoichapa kuhusu ile filamu ya Wamarekani wanaozuiwa kupiga kura, iliyoonyeshwa hapa Tanga na vijana wetu mwezi uliopita. Mwandishi wenu aliisifu zaidi kwa jambo moja, kwamba ndani yake kuna watu wa kila namna. Akawahesabu: Weusi wapo, Walatino wapo, wenyeji wa asili wa nchi ile wapo, wenye asili ya Asia wapo, Wazungu wapo, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana. Akamaliza kwa kusema kila kundi limepata sauti.

Niliitazama filamu ile mwanzo hadi mwisho, na hilo la mwisho si kweli. Sitaki nieleweke kwamba naibeza. Ni kazi nzuri, imefanywa na watu wanaojua wanachokisema, na mengi niliyoyaona sikuwa nikiyajua. Lakini kundi langu mimi halikupata sauti. Lilipata picha.

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani. Nashona sare za shule na nguo za harusi, na msimu wa sikukuu nalala dukani. Polio ilinipata kabla sijaanza shule, mguu wa kushoto haukukua. Cherehani naiendesha kwa mguu wa kulia. Kwa mwendo mfupi natumia magongo, kwa mwendo mrefu nina baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Tanga ni mji wa baiskeli, na barabara za Ngamiani ni tambarare na zimenyooka, kwa hiyo mjini humu nafika karibu kila mahali. Taabu yangu huanza mlangoni.

Na mlangoni ndiko ilikoanza siku ile. Ukumbi ulikuwa ghorofani, upande wa Chumbageni. Vijana walinibeba ngazini kwa adabu zote, shikamoo mama, samahani mama, taratibu jamani, baiskeli ikabaki chini kwa mlinzi. Nawashukuru, ni watoto waliolelewa. Ila mwenzangu mmoja wa Makorora, ambaye kiti chake ni kizito na mwili wake ni mzito kuliko wangu, alifika hadi ngazi ya kwanza, akatazama juu, akageuza. Alikuwa amekuja kutazama filamu ya watu wasiofikishwa kwenye sanduku la kura.

Kwa ambao hawakuiona, filamu inasimulia hivi. Tarehe 7 Machi 1965 watu walipigwa na askari kwenye daraja la Selma, Alabama, kwa kudai kura. Mwaka uleule ikapita sheria ya haki ya kupiga kura. Majimbo yenye historia ya kuwanyima Weusi kura, mengi yakiwa ya Kusini, yakalazimika kuomba idhini ya serikali kuu kabla ya kubadili kitu chochote katika uchaguzi, hata kuhamisha kituo kutoka shule hii kwenda ile. Juni 2013 Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ikaling'oa meno sharti hilo. Baada ya hapo vituo vikawa vinafungwa. Muungano wa mashirika ya haki za raia ulipohesabu mwaka 2019 katika maeneo yaliyokuwa chini ya uangalizi ule, ulikuta vituo 1,688 vimefungwa kati ya 2012 na 2018. Huko North Dakota likaja sharti la kitambulisho chenye anwani ya makazi, wakati nyumba nyingi za wenyeji wa asili kwenye ardhi walizotengewa hazina anwani ya mtaa, barua zao zinakwenda sanduku la posta. Nani hapa kwetu asiyelielewa hilo bila kufafanuliwa? Mimi nimeishi miaka mingi kwa sanduku la posta la shule ya jirani.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote ni ya Fannie Lou Hamer, na hapo ndipo nilipoanza kukasirika.

Mama huyu alizaliwa Mississippi mwaka 1917, mtoto wa ishirini katika familia ya wakulima wa kugawana mazao na mwenye shamba. Amechuma pamba tangu mdogo. Tarehe 31 Agosti 1962 alipanda basi na wenzake kwenda mji wa Indianola kujiandikisha kupiga kura. Akapewa kifungu cha katiba ya jimbo akitakiwa akifafanue, mtihani uliotungwa ili mtu Mweusi aanguke. Wakati wa kurudi polisi wakalisimamisha basi na dereva akatozwa faini kwa kosa kwamba basi lilikuwa la njano kupita kiasi. Alipofika shambani mwenye shamba akamfukuza. Juni 1963 alikamatwa katika mji wa Winona akapigwa humo mahabusu mpaka figo ikaumia. Na tarehe 22 Agosti 1964 akaketi mbele ya kamati ya chama cha Democratic mjini Atlantic City akayasema yote haya mbele ya kamera, hadi Rais Johnson akaitisha mkutano wa ghafla na waandishi ili kamera zimwache yule mama zimfuate yeye. Haikusaidia. Jioni televisheni ziliurusha ushahidi wake, na nchi nzima ikamsikia.

Yote hayo filamu inayo. Jambo moja haina. Fannie Lou Hamer alipata polio utotoni, akawa anachechemea, na kipigo cha Winona kikauzidishia mguu ule ubaya. Mimi niliyasoma hayo miaka mingi nyuma, na kwa mtoto wa polio habari ya namna hiyo haisahauliki. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti changu nikiingoja sentensi hiyo. Wataalamu walimzungumzia kama Mweusi, wakamzungumzia kama mwanamke, wakamzungumzia kama maskini wa shambani. Mguu haukutajwa. Wakahamia kwingine.

Mtu ataniuliza, mguu unaongeza nini kwenye habari ya kura? Unaongeza hivi: yule mama alipokwenda Indianola, mwili wake ulikuwa sehemu ya gharama. Kufukuzwa shambani kwa mtu mwenye mguu mbovu, ambaye riziki yake ni kazi ya kuinama na kubeba, si sawa na kufukuzwa kwa mtu mzima wa viungo. Ujasiri wake ulikuwa mkubwa zaidi ya ule tulioonyeshwa. Na msichana wa hapa Mabawa au Duga anayechechemea kwenda shule, akimwona mama yule anatikisa rais wa Marekani, ana haki ya kuambiwa kwamba huyu ni mwenzako. Filamu ilikuwa na mtu wetu mkubwa kuliko wote, tena katikati kabisa, na haikumtambua.

Hilo la Hamer huenda mtu akaliita jambo la hisia. Sasa nije kwenye jambo la vitendo, la kaunti ya Randolph katika jimbo la Georgia.

Agosti 2018 katika kaunti hiyo, ambayo wakazi wake zaidi ya nusu ni Weusi, lilitolewa pendekezo la kufunga vituo saba vya kupigia kura kati ya tisa. Ilibaki miezi michache kufika uchaguzi wa gavana, na mgombea mmojawapo alikuwa mwanamke Mweusi, Stacey Abrams. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba vituo vile havikidhi matakwa ya sheria ya watu wenye ulemavu. Naomba msomaji aisome tena sentensi hiyo. Kwa kuwa mlango una ngazi na mwenye kiti cha magurudumu hapandi, basi kituo kifungwe kabisa, na watu wote, wenye miguu na wasio na miguu, wasafiri hadi kituo cha mbali, katika eneo la vijijini ambako maskini wengi hawana magari na hakuna basi la kumpeleka mtu. Wananchi walipiga kelele, habari ikaenea nchi nzima, na tarehe 24 Agosti bodi ya uchaguzi ya kaunti ikalikataa pendekezo.

Filamu imeligusa tukio hili. Mwanasheria mmoja anaeleza kwamba ulemavu ulikuwa kisingizio. Kasema kweli na namuunga mkono. Watu ukumbini walipiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu nilikuwa nangoja swali linalofuata, nalo halikuja. Zile ngazi zilikuwepo au hazikuwepo? Kama zilikuwepo, wenye ulemavu wa Randolph walikuwa wakipiga kura vipi miaka yote kabla ya 2018? Na baada ya pendekezo kukataliwa na vituo kubaki wazi, kuna aliyekwenda kutengeneza mteremko wa kupitisha kiti? Mlango wenye ngazi dawa yake ni mbao, saruji na fundi wa siku moja. Mtu mwenye ulemavu wa kaunti ile angeulizwa, hayo ndiyo angeyasema kwanza, kwa sababu ndiyo anayoyajua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Badala yake tumetumiwa na upande mmoja kufungia vituo, na upande wa pili, ambao ni wa marafiki zetu, umeshinda kesi yake kwa kutumia jina letu na kuondoka bila kutugeukia.

Nilipofika nyumbani nilimwomba binti yangu anitafutie kwenye simu hali ya vituo vya Marekani kwa watu kama mimi. Nchi ile ina sheria tangu mwaka 2002 inayotaka kila kituo kwenye uchaguzi wa kitaifa kiwe na namna ya kumwezesha mwenye ulemavu kupiga kura kwa siri kama wengine. Kisha ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ikatuma watu kutazama vituo katika uchaguzi wa 2016. Wakavitazama vituo 178 kwa nje, na 107 kati yake vilikuwa na kikwazo, ama njia mbovu, ama mteremko mkali mno, ama hakuna alama ya kuonyesha mlango wa kupitia. Vile walivyoweza kukagua ndani vilikuwa 137, na katika 89 waliona jambo linaloweza kumzuia mwenye ulemavu kupiga kura peke yake na kwa siri. Hizo ni takwimu za serikali yenyewe, ziko wazi, na watengenezaji wa filamu inayozungumzia vizuizi vya kura kwa muda wote ule hawakuona haja ya kuzitumia. Kuna mzee kwenye kiti cha magurudumu anapita mbele ya kamera, katika foleni ndefu ya Georgia, kwa muda wa pumzi mbili hivi. Muziki wa huzuni unalia. Mzee hasemi kitu, na mwandishi wenu nadhani alimhesabu.

Hesabu hiyo ya sura, Mhariri, sisi watu wa Tanga tunapaswa kuwa wa mwisho kuiamini. Septemba 1958 mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kupiga kura ya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uchaguzi ambao wazee waliuita wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwa mpigo, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Serikali ya kikoloni ilijivunia mpango ule. Ukiipiga picha safu ya wabunge waliochaguliwa utaona mchanganyiko mzuri sana, kila rangi na kiti chake. Lakini nani aliruhusiwa kupiga kura? Mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au aliyesoma hadi darasa la nane, au mwenye cheo kilichotajwa na serikali. Babu yangu alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja upande wa Pongwe, na pauni 150 kwake ilikuwa hadithi. Bibi yangu alichoma mihogo na kuuza barabarani, hakuna darasa alilokanyaga zaidi ya chuo cha Kurani. Mjini Tabora, Januari ya mwaka ule, TANU walibishana sana kama waingie kwenye uchaguzi wa namna ile au waususe, Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, nao wakashinda pamoja na wagombea wa Kiasia na wa Kizungu waliowaunga mkono. Historia hiyo tunaisoma na kujivunia. Babu na bibi yangu hawamo ndani yake, kwa sababu walikuwa nje ya mlango.

Kwa hiyo mtu akiniambia filamu ina sura za kila namna, mimi fundi nasikia kwamba shati lina vifungo vizuri. Nataka kujua kama lina matundu ya kuvifungia. Nani ameketishwa kitini na kuulizwa maswali? Nani anaeleza sababu, na nani anaonyeshwa akilia tu? Katika filamu ile, wenye kueleza ni maprofesa, wanasheria, wanasiasa na viongozi wa mashirika, na nakiri wamechanganyika vizuri kwa rangi na jinsia. Hilo ni jambo jema, na waliopanga hivyo wamefanya kazi yao. Ila mama aliyesimama kwenye foleni hadi usiku, yule mchuuzi, yule mfanyakazi wa zamu anayekatwa mshahara kwa kuchelewa, anaonekana kwa sekunde chache kisha profesa anaeleza alichokuwa akikihisi. Rangi imewakilishwa, tabaka halikuwakilishwa. Na mwili haukuwakilishwa kabisa.

Kijana mmoja aliyesimamia onyesho, mtoto mwelevu sana, aliniambia wakati wa kushuka, mama, filamu haiwezi kumchukua kila mtu, dakika hazitoshi. Ni kweli hazitoshi. Nikamjibu kwamba sikuomba dakika zaidi. Dakika ya Randolph ilikuwepo tayari, dakika za Hamer zilikuwepo tayari. Zilizungumza juu yetu zote mbili. Kilichopungua ni mtu mmoja kwenye chumba cha kukata picha ambaye angesema, subiri kidogo, hapa kuna jambo hamjaliona. Mtu huyo hakuwepo, na ninyi mnaotengeneza habari mnajua kwamba asipokuwepo pale, huku kwenye kioo hawezi kuokolewa na wingi wa sura.

Gazeti lako nalo lina la kujibu. Kila uchaguzi ukifika hamkosi picha ya mtu mwenye ulemavu kituoni. Bibi asiyeona ameshikwa mkono, au mwanamume anasukumwa kwenye kiti, na chini yake maelezo kwamba ametimiza haki yake ya kikatiba. Nimezikata nyingi na kuzihifadhi. Katika moja, ofisa anayesukuma kiti ametajwa kwa jina na cheo. Anayesukumwa ametajwa kuwa mlemavu. Hakuulizwa jina, wala hakuulizwa kama kituturi kilimfaa.

Mngeniuliza mimi ningewaambia. Ningeanza na mazuri, maana yapo. Watu wa Tanga hawajawahi kuniacha nikae foleni. Utaratibu wenyewe unataka wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na wenye ulemavu watangulie, lakini mimi hutangulizwa na watu kabla ofisa hajasema, mpisheni fundi apite. Kwa wasioona kipo kifaa cha nukta nundu cha kuwekea karatasi ya kura, na anayehitaji msaidizi anamchagua mwenyewe. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo pia. Kisha ningewaambia juu ya meza. Uchaguzi mmoja kituturi kilikuwa juu ya meza ndefu, nami nikiwa kwenye baiskeli yangu meza iko kidevuni. Kijana wa kituoni, kwa wema kabisa, akaniambia, mama niambie unamtaka nani nikuwekee alama. Sikumwambia. Niliomba kitu kigumu cha kuandikia, nikapewa jalada la daftari, watu wakageukia ukutani, nikaweka alama yangu magotini. Ilichukua muda na nyuma yangu kulikuwa na foleni, lakini hakuna ajuaye mpaka leo nilimpa nani. Ni mimi niliyezoea kubishana na wateja juu ya kipimo. Mwenzangu mpole zaidi angelitaja lile jina kwa sauti mbele za watu, na wala asingelalamika popote.

Sensa ya 2022 ilikuta watu wenye ulemavu wa namna moja au nyingine ni asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka saba na kuendelea. Katika kila foleni ya watu mia tungekuwa kumi na mmoja. Mimi nikienda kituoni siwaoni hao kumi na mmoja. Wako wapi? Hilo ndilo swali ambalo kamera haiwezi kulijibu ikiwa imesimamishwa kituoni, kwa sababu kamera ya kituoni humwona aliyefika. Filamu ile ya Marekani imepigwa zaidi kwenye foleni, na foleni ni ya watu waliofaulu kutoka nyumbani. Kuna ambaye kiti chake kimevunjika gurudumu. Kuna kiziwi aliyekwenda kwenye mkutano wa kampeni, hakukuwa na mkalimani wa lugha ya alama, akaondoka hajui nani kasema nini. Kuna kijana mwenye ulemavu wa akili ambaye nyumbani wameamua kwamba kura si jambo lake. Marekani nako majimbo mengi yanaruhusu mahakama kumwondolea mtu wa aina hiyo haki ya kura akishawekewa mlezi, na filamu haikuligusa hilo hata kwa jina.

Nayasema haya sasa kwa sababu wale vijana walitangaza baada ya onyesho kwamba wanataka kutengeneza filamu yao wenyewe juu ya kupiga kura hapa Tanga. Nimefurahi sana, na ningependa wasiige kila kitu. Waanze nyumba ambazo hazikufikiwa. Sahare yuko mvuvi aliyepoteza macho, anayezijua habari za uchaguzi kwa redio kuliko wengi wetu. Msambweni yuko mama kiziwi mwenye watoto wanne ambaye binti yake ndiye ulimi wake, na binti sasa kaolewa Muheza. Nitawapeleka mimi mwenyewe kama wenyeji wataridhia, na wakiridhia waketishwe kitini na kuulizwa maswali marefu, na mtaalamu ndiye apewe zile sekunde chache. Na katika kundi la vijana wenyewe, mmoja wa wanaokata picha awe mwenzetu. Wapo waliosomea kompyuta, wamekaa nyumbani hawana kazi.

Jambo moja zaidi kwa vijana hao. Mkiirudia filamu ile, tafuteni ukumbi wa chini, pale penye mlango wa usawa wa barabara, na maneno yaandikwe kwa Kiswahili chini ya picha, maana safari ile kijana mmoja alitafsiri kwa mdomo, na viziwi wawili waliokaa mbele yangu waliondoka kabla ya nusu. Yule mwenzangu wa Makorora nimeshamwambia kwamba nitawaandikia, na anangoja kuambiwa siku.

Wako katika kulijenga gazeti,

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga